Adhana Aliyoisikia Golikipa

Baba yangu alikuwa mtu wa maneno machache katika kila jambo isipokuwa moja. Ukimgusia lile kombe la mtoano alilolichezea Unguja ujanani mwake, kati ya vita vikuu viwili vya dunia, chai yake ilipoa mbele yake na asiikumbuke. Alikuwa golikipa. Tulikuwa tumekwishahamia Matrah, bandari iliyo ubavuni mwa Maskati, katika nyumba yenye chumba kimoja kinachovuja na viwili vinavyotishia kuvuja, na jioni, mimi nikishona kofia na mama akichambua mchele, baba aliyacheza mashindano yale upya mbele yetu, akianzia raundi ya kwanza.

Kombe lenyewe lilikuwa la nchi nzima, Unguja na Pemba, na halikuwa na kusameheana: ukifungwa mara moja, umekwenda kwenu. Ziliingia timu za mitaa, timu za maofisi, timu ya Wagoa, hata mabaharia wa manowari iliyokuwa imetia nanga mwezi ule. Raundi ya kwanza walipangiwa na vijana wa shamba waliokuja kwa lori na ngoma zao. Ilikuwa masika, mpira wa ngozi umenyonya maji, na baba alisema kuudaka ulikuwa sawa na kudaka mtungi. Walishinda. Raundi ya pili wakakutana na mabaharia, wenye viatu vya njumu, na wao miguu mitupu iliyofungwa bandeji. Hapo baba alituonyesha kidole gumba cha mguu wa kulia, ambacho kucha yake haikuwahi kurudi sawa. Nilikijua kidole kile kuliko nilivyojua ramani ya Omani. Nusu fainali aliokoa penalti ya Mgoa mmoja aliyepiga ishara ya msalaba kabla ya kupiga mpira. "Yeye kaomba kwake, mimi nkaomba kwangu," baba alisema, "na mpira ukaja kifuani kwangu wenyewe."

Halafu ilikuwa zamu ya fainali, na baba akainuka kwenda kutia udhu.

Sikumwona hata siku moja akipita hapo. Udhu wa baba yangu ulikuwa na mazoea ya kutenguka kila tulipofika fainali. Nikimuuliza nani alilichukua kombe, atasema maji yamekuwa baridi. Nikimuuliza mama, atasema, "Kamuulize baba'ko." Sasa mimi nilizaliwa na maradhi ya kutaka kujua, na kunikatia hadithi katikati ni kunikosesha usingizi. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini hivi, niliyekuja Maskati na kifurushi cha nguo na mashine ya cherahani baada ya yaliyotokea Unguja, nikiwa na mambo mengi makubwa ya kuyafikiria, na nilichokifikiria ni fainali ya mpira iliyochezwa kabla sijazaliwa.

Kulikuwa na jambo jengine dogo nililokuwa nikilitazama. Baba, akiwa peke yake, akikunja kilemba au akichochea makaa ya ghahawa, alikuwa na tabia ya kuadhini kwa sauti ya chini. Na alikuwa na namna yake. Akifika penye kuita watu kwenye falaha, kwenye kufuzu, aliivuta sauti juu, ikapanda, ikakwama kidogo kama mlango uliovimba kwa mvua, halafu ikashuka upya. Hakuna muadhini wa Matrah aliyeadhini hivyo, na sikumsikia yeyote Unguja. Nilidhani ni mtindo wake mwenyewe.

Mwaka wa tatu au wa nne wa kukaa kwetu, nikaja kuposwa.

Mposaji alikuwa mtoto wa mzee mmoja wa Unguja aliyekaa vichochoro viwili chini yetu. Kijana, ingawa hakuwa kijana sana, alikuwa amesoma Kairo miaka mingi, na alipomaliza hakuwa tena na nyumbani pa kurudi. Akaja kwa wazee wake Matrah, akapata kazi kambi ya mafuta pande za Qurum, akawa anakuja kila Alkhamisi. Nilikuwa nimemwona mara moja, kutoka dirishani. Alibeba tikiti maji begani, na jiwe moja lilikuwa katikati ya njia ambapo watu hujikwaa. Hakuliruka wala hakuinama. Alilipiga kwa upande wa ndani wa mguu, likaenda likakaa ukutani kabisa, na tikiti halikutikisika. Nilimpenda kwa teke lile. Kama kuna sababu bora zaidi ya kumpenda mtu, mimi sikuwa nayo wala sikuitafuta.

Baba yake nilimjua kwa sura tu, mzee mrefu mwenye mabega ya mtu aliyewahi kuwa na nguvu. Yeye na baba walisali msikiti mmoja, baba kulia kabisa mwa safu, yeye kushoto kabisa. Wakikutana mlangoni, baba aliitikia salamu yake, kwa kuwa kuitikia ni wajibu, lakini aliitikia akiutazama ukuta. Wanawake hawakuwa na ugomvi wowote: mama na mke wa yule mzee walikaa pamoja kila alasiri wakishona kofia na kuulizana nani kapata barua. Kwa hivyo posa ilipokuja, mama alikwishafurahi kabla ya kuulizwa.

Baba alisema, "Hapana."

Wajumbe walidhani hawakusikia. Akasema tena. "Sina binti wa kuwapa watu wale." Akawatilia ghahawa, akawapa tende, akawasindikiza mpaka mlangoni kwa adabu zote, na halwa waliyokuja nayo akawarudishia.

Nililia, sisemi uongo. Nililia mpaka kofia niliyokuwa nikiishona ikaingia madoa. Lakini nilipokwisha kulia nilikuwa na hasira, na nikiwa na hasira mimi huuliza. Nikamfuata mama jikoni, nikakaa chini, nikamwambia siondoki hapa mpaka nijue watu wale wametukosea nini.

Mama alitazama mlango. "Ni ile fainali yao," alisema.

Akaniambia. Kiwanja kilikuwa Mnazi Mmoja, na kiwanja kile kilikuwa na ada yake ambayo haikuandikwa popote: ikisikika adhana ya magharibi, mpira umekufa. Filimbi haikungojewa. Ulipo, unasimama, unashusha mikono, hata kama mpira uko mguuni kwako na goli liko wazi. Mchezaji aliyeendelea kucheza ndani ya adhana asingekuwa na uso wa kumtazama mtu mtaani. Fainali ile ilikuwa haijapata goli hata moja, jua limeshuka nyuma ya nyumba za Vuga, na goli alilosimama baba lilikuwa upande huo huo wa nyumba, ndani ya kivuli. Akaja mshambuliaji wa timu ya pili na mpira, peke yake, mabeki kawaacha nyuma. Baba akatoka kumkabili. Halafu akasimama, akashusha mikono. Mpira ukapita ubavuni mwake taratibu, mama alisema, hata mtoto angeuzuia.

"Akasema kasikia adhana," mama alisema. "Na hapana mwengine aliyeisikia."

Refa akaonyesha katikati. Baba akapiga kelele kwamba adhana imesomwa. Watu wakatazamana. Walikuwa wao wenyewe wakipiga kelele, masikio hayasikii, lakini macho yanaona: kule mbele, upande wa pili wa kiwanja, jua lilikuwa bado limewamulika. Mshambuliaji akaja mpaka mbele ya baba na kusema, kiwanja kizima kikimsikia, "Adhana hapana. Huyu kaitunga." Na kweli, adhana ya magharibi ilikuja kusomwa watu walipokwishapeana mikono na kombe limekwishabebwa mabegani.

Mshambuliaji huyo ndiye jirani yetu wa vichochoro viwili chini.

"Kufungwa si kitu," mama alisema. "Golikipa kazi yake kufungwa. Lakini mtu kuambiwa kaitungia adhana uongo, mbele ya umma wa Waislamu, apate kuficha uzembe wake! Miaka mingi watoto wa mjini wakimwona baba'ko njiani wakisimama wima wakishusha mikono. Hakucheza tena. Hata kutazama hakutazama."

Sikulala usiku ule, na sikuwa nikimfikiria mposaji. Nilikuwa nikijiuliza kama baba yangu ni mwongo. Mtu huyo aliyenifundisha kusoma Kurani, aliyerudisha tende moja sokoni kwa sababu ilidondokea katika kikapu chake kutoka kikapu cha mwenziwe, je, ujanani aliwahi kuogopa kiasi hicho? Nilitaka asiwe mwongo kuliko nilivyotaka kuolewa, na nilitaka kuolewa sana. Asubuhi, alipokuwa akifunga kilemba, nilimuuliza kwa kumvizia. "Baba, uliisikia kweli?"

Hakuniuliza nini. Mkono ulisimama kwenye kilemba. "Nimeisikia," alisema, "na bado naisikia." Kisha akaenda dukani alikokuwa karani.

Nilianza kuchunguza adhana kama mtu anayechunguza vitambaa. Matrah siku zile hapakuwa na vipaza sauti. Nilipanda juu ya paa magharibi, nikasikiliza msikiti upi unaanza, upi unafuata, upepo unaichukua wapi sauti, milima inairudisha wapi. Nilifikiri labda muadhini mmoja wa Unguja aliwahi. Nilifikiri labda upepo wa kusi ulileta sauti ya mbali. Hakuna hata moja lililokaa sawa. Muadhini angewahi, msikiti mzima ungemkemea, na mji mzima ungezungumza habari hiyo.

Jibu nililipata kwa jirani aliyekuwa akijifungua.

Binti wa nyumba ya mkabala alishikwa na uchungu asubuhi, na sisi wanawake wa Kiunguja tukaenda, kama kawaida yetu, mama, mimi, na mama wa yule mposaji wangu aliyekataliwa, ambaye alikuwa hodari wa kumshika mkono mzazi. Alasiri mtoto akazaliwa, salama, mkali wa kilio. Akaoshwa, akavikwa, akapelekwa chumba cha pili kwa babu yake amsomee adhana sikioni kama ilivyo ada. Tukamsikia mzee akinong'ona, pole pole, asimshtue.

Yule bibi akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Huyu anaadhini kama mwizi," alisema. "Mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa muadhini maisha yake yote, kuadhini kwa kunong'ona hakukujua. Mwanangu yule mkubwa, huyu wa Qurum, alipozaliwa, mzee kampeleka dirishani apate mwangaza amtazame uso, akaanza Allahu akbar pale pale dirishani, mimi kitandani nkaziba masikio. Mji mzima umesikia!"

Nilikuwa nimeshika birika la maji ya moto. Nililiweka chini kwa uangalifu.

"Dirisha hilo lilitazama wapi, Bi mkubwa?"

"Kiwanjani, mwanangu, Mnazi Mmoja. Sisi tulikaa Vuga ya mwisho kabisa. Tena siku hiyo kulikuwa na mpira, baba'ke keshakwenda kucheza, na mimi huku nimo katika uchungu wangu. Mzee alipoadhini tu, nkasikia watu wanapiga kelele kiwanja kizima. Nkasema alhamdulillahi, wanamshangilia mwanangu!"

Wanawake wote walicheka. Mama hakucheka. Aliniangalia, nami nilimwangalia.

"Na mumeo hakukwambia lolote, bibiye?" mama aliuliza. "Habari ya golikipa? Habari ya adhana?"

"Aniambie nini? Kaja usiku na kombe, mimi nkamwonyesha mtoto, yeye akanionyesha kombe. Kila mtu na lake. Nkakaa arubaini yangu ndani, nlipotoka watu wameshashika habari nyengine, na mzee keshakufa. Nlisikia tu kuwa golikipa alilala."

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi. Wanaume walibeba fainali ile kutoka kisiwa mpaka kisiwa, wakavuka nayo bahari, na wakati wote ule ilikuwa nusu. Nusu ya pili ilikuwa kwa mwanamke aliyelala kitandani ng'ambo ya dirisha, na hakuna aliyemuuliza, kwa kuwa wanaume hawazungumzi habari za uzazi na wanawake hawazungumzi habari za mpira. Ilihitaji mbeya mmoja, na mbeya huyo alikuwa mimi.

Njiani mama alinishika mkono kwa nguvu. "Wewe usimwambie baba'ko. Atadhani unajitafutia mume." Alisema kweli. Kwa hivyo aliyekuja kusema alikuwa yule bibi mwenyewe, Ijumaa baada ya sala, pamoja na mumewe. Sijui mama alimpangaje baba hata akakubali wavuke kizingiti. Nafikiri alimwambia tu kwamba kuna mtu anataka kumtolea ushahidi.

Wanawake tulikaa nyuma ya pazia. Nililiacha wazi upana wa jicho langu moja. Mzee mshambuliaji alikaa karibu na mlango, kwa kuwa hakuna aliyemkaribisha mbele. Baba alikaa akiutazama mkeka. Yule bibi akaeleza kutoka nyuma ya pazia, bila kicheko safari hii, akaeleza dirisha, akaeleza mtoto, akaeleza siku. Mumewe aliligeukia pazia akabaki kinywa wazi. Ilikuwa dhahiri kwamba na yeye anasikia kwa mara ya kwanza.

Baba aliinua goti moja. Niliogopa atainuka kwenda kutia udhu.

"Mkweo," alisema mwisho, "alikuwa na sauti gani?"

"Nene," bibi alijibu. "Lakini ikifika falaha ilikuwa..." Akakosa neno.

Baba akafumba macho. Akaadhini, si kwa sauti kubwa, kama nilivyomsikia maisha yangu yote akichochea makaa. Alipofika pale penye falaha, sauti ikapanda, ikakwama, ikashuka upya.

Nyuma ya pazia yule bibi alishika goti langu. "Ndiye," alisema. "Huyo ndiye mkwe wangu."

Lakini mimi nilikuwa nikimtazama mzee pale mlangoni. Alikuwa ameweka mkono juu ya kofia yake kama mtu aliyekumbwa na upepo, na machozi yanamtoka hayafuti.

"Hiyo sauti ya baba yangu," alisema. "Mzee wangu kafa mimi kijana, sina picha yake, sina kaburi lake la kulizuru. Miaka yote hii mimi siwezi kuikumbuka sauti yake. Kumbe unayo wewe."

Akasogea mbele juu ya mkeka.

"Nlikwita mwongo mbele za watu."

"Uliniita."

"Nisamehe, yakhe."

Neno lile la kuitana ndugu, yakhe, sijui lilikuwa halijapita kati yao tangu lini. Baba aliinua uso. Nilitarajia atalia, au atafurahi, au atamwambia yote aliyokuwa amemwekea. Badala yake alianza kufikiri, nikamwona akifikiri, golikipa mzima anayepima pembe.

"Haikuwa magharibi," alisema. "Jua lilikuwepo. Mimi nlikuwa kivulini. Goli lako halali, basi. Nlishusha mikono kwa adhana isiyokuwa yangu."

"Ilikuwa ya mwanangu," mzee alisema.

"Kwa hivyo wewe hukunifunga." Na hapo kwa mara ya kwanza niliona fainali ikimchekesha baba yangu. "Kanifunga yeye. Mlete nimwone."

Tulioana kabla ya Ramadhani. Alkhamisi moja, muda si mrefu baada ya harusi, nilimwona baba amekaa ukutani nje ya lango la mji na yule mzee, wakitazama vijana wa Kiunguja wakicheza mpira kwenye uwanda wa changarawe, na wote wawili wakimtukana refa. Waliingia ndani mbio mbio kabla lango halijafungwa kwa usiku, kama ilivyokuwa amri siku zile.

Mwanangu wa kwanza alizaliwa mwaka ule Omani ilipopata sultani mpya na malango ya mji yakaacha kufungwa usiku, lakini mimi nakumbuka kwa jambo jengine. Walimchukua mtoto wakampa baba. Mzee mwenziwe ndiye aliyesema apewe yeye. Nilikuwa kitandani nimechoka, sikuona, nilisikia tu. Baba hakunong'ona. Aliadhini kwa sauti nene ambayo haikuwa yake, na alipofika penye falaha ikapanda, ikakwama, ikashuka upya, juu ya sikio la mtoto.

Mume wangu alikuwa mlangoni. Babu yake alikufa yeye akiwa bado mtoto wa arubaini, na sauti ile alikuwa ameisikia mara moja tu maishani. Nikageuza kichwa kumtazama. Alikuwa amesimama wima, mikono ameishusha.